Kuiweka Fedha Mbali na Mkono

Kabla ya sarafu kuingia katika nchi za Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa na Wanyakyusa, mtu aliyejaliwa ziada hakutaabika kutafuta pa kuihifadhi, kwa kuwa ziada yenyewe ilikuwa na mahali pake pa maumbile: ng'ombe zizini, ulezi na mahindi katika vihenge, na majembe ya chuma ya wafuaji wa Ukinga darini, yakingoja mahari au njaa, lolote litakalotangulia. Walakini hata katika zama hizo palikuwa na tadbiri. Mwenye busara hakulaza ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwatawanya kwa wakwe na marafiki, wawili bondeni na mmoja mlimani, ili sotoka ikiingia au adui akivamia asifilisike kwa pigo moja. Na ilikuwako sababu ya pili, isiyotajwa hadharani, nayo ni kwamba ng'ombe asiyeonekana haombwi. Ndugu mwenye shida huhesabu mali kwa macho, na mali iliyo kwa rafiki, mwendo wa siku mbili, si rahisi kuhesabika. Nimeanza na ng'ombe kwa makusudi, kwa sababu habari zote za akiba katika Nyanda za Juu Kusini, tangu zizi la Mnyakyusa hata kitabu cha Posta na akaunti za benki za siku zetu, naziona kuwa ni habari za hila hiyo moja: mtu kuitenga mali yake na mkono wake mwenyewe, na mikono ya wale asioweza kuwanyima.

Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, wakajenga boma la Iringa mwaka 1896, na Mkwawa mwenyewe akafa mwaka 1898 pasina kutiwa mikononi mwao akiwa hai. Mwaka huo huo ndipo kodi ya nyumba, iliyoamriwa mwaka uliotangulia, ilipoanza kudaiwa katika koloni, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, ingawa mwanzoni wengi waliilipa kwa nafaka, kwa mifugo au kwa jasho la mwili. Hivyo basi sarafu ya kwanza kuingia katika nyumba nyingi za nchi hizi haikuingia ili ikae. Iliingia kwa sababu ilikuwa inadaiwa, na mwenye nyumba aliitunza kwa hofu ya askari wa boma kuliko kwa tamaa ya kununua kitu. Rupia, iliyokuwa ikigawanyika katika pesa 64, ikafanywa mwaka 1904 kuwa heller 100, na mwaka 1905 benki ya kwanza ya Kijerumani ikafunguliwa Dar es Salaam. Lakini benki hiyo ilikuwa ya makampuni na wenye mashamba makubwa, na jina lake halikuwa na maana yoyote kwa mtu wa Tukuyu au wa Kalenga.

Kisha ikaja vita ya 1914. Meli za Ujerumani hazikuweza tena kuleta sarafu wala noti, na serikali ya koloni ikachapa karatasi zake yenyewe kwa mitambo na wino uliopatikana, ikawalipa kwazo askari, wapagazi na wauzaji wa nafaka. Majeshi yalipopita Iringa na Njombe mwaka 1916, na bendera ikabadilika, karatasi zile zilibaki mikononi mwa watu pasipo thamani. Yakafuata mageuzi ya Waingereza: Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ikaundwa London mwaka 1919, florini ikatangazwa mwaka 1920 na kuondolewa kabla watu hawajaizoea, na mwaka uliofuata ikaja shilingi. Mtu aliyekuwa kijana wakati kodi ya kwanza ilipotozwa, na ambaye sasa alikuwa na watoto wa kuoza, alikuwa ameona utawala mmoja ukifa pamoja na fedha yake na utawala wa pili ukibadili ya kwake kabla haijachakaa. Asilaumiwe mtu huyo kwa kukifukia chungu chake chini ya kitanda.

Chungu, na baadaye kibubu cha mbao au cha udongo chenye upenyo mwembamba juu, kina sifa moja ambayo wataalamu wa benki walichelewa kuitambua. Kibubu hakikubali mashauri ya nusu nusu. Ama ni kizima ama kimevunjwa, na mwenye kukivunja kwa ajili ya kibaba cha unga au kwa ajili ya ulanzi wa masika anajua, na mkewe anajua, kwamba kimevunjwa. Sauti ya udongo ukipasuka husikika chumba cha pili. Aibu hiyo ndogo ililinda fedha kuliko kufuli, na ingalikuwa kinga ya kutosha lau mchwa wa nchi hii wasingalikuwa na hamu ya karatasi, na lau wezi wasingalijua kwamba kila nyumba ina kitanda.

Mwaka 1925 ilianzishwa Benki ya Akiba ya Posta katika Tanganyika. Asili yake ilikuwa Uingereza, ambako William Gladstone, akiwa waziri wa fedha, alipitisha mwaka 1861 sheria ya kuifanya kila posta kuwa mahali pa kuweka akiba kwa watu wa mapato madogo, kuanzia shilingi moja. Na hoja yake ilikuwa ya kufaa, kwamba fundi na mtumishi wa nyumbani hawana sababu ya kuingia katika jumba la benki lenye nguzo za marumaru, ilhali posta wanaingia kila wiki. Mpango huo ulisambazwa katika makoloni, na ulipofika kwetu ulikutana na watu ambao posta kwao ilikuwa ni dirisha moja ubavuni mwa boma, penye karani, muhuri na mizani ya vifurushi.

Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuingia mfukoni, chenye namba na jina la mwenyewe. Asiyejua kuandika alitia alama ya kidole gumba. Ndani mlikuwa na safu za tarehe, za fedha iliyowekwa na iliyotolewa, na safu ya mwisho ya salio, na kila mstari ukathibitishwa kwa sahihi ya karani na muhuri wa tarehe, ule ule uliopigwa juu ya stempu za barua. Hapakuwa na hundi wala ruhusa ya kuchukua zaidi ya kilichomo. Kiasi kidogo kilitolewa papo hapo dirishani, lakini aliyetaka kikubwa alijaza fomu, fomu ikapelekwa makao makuu, naye akangoja idhini irudi kwa barua, na barua ya Mbeya ililazimika kupanda lori hadi reli ya kati kabla ya kuuona mji wa Dar es Salaam. Wapo waliolilaani jambo hili, na walikuwa na haki wakati mgonjwa yumo ndani. Lakini msomaji azingatie pia mwenzao aliyetaka kutoa akiba ya mwaka mzima kwa ajili ya gramafoni aliyoiona dukani: mpaka idhini irudi, ama gramafoni imeuzwa, ama hamu imetulia, na salio limebaki kama lilivyokuwa. Sijui kama mabwana wa posta walilikusudia hilo. Yamkini walikuwa wakijilinda na wizi tu. Hata hivyo lilikuwa ni zizi la rafiki aliye mwendo wa siku mbili, lililofanywa kuwa sheria.

Jambo la riba lilizungumzwa mapema miongoni mwa Waislamu wa miji ya Iringa na Mbeya, wengi wao wakiwa watu wa pwani, Wamanyema na Wanubi waliofuata misafara na majeshi, kama lilivyozungumzwa Misri, ambako mfuko wa akiba wa posta uliofunguliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini ulikuta maelfu ya waweka amana wakikataa faida yao, hata Mufti Muhammad Abduh akaombwa rai. Njia iliyofuatwa na wacha Mungu wengi ilikuwa nyepesi: kuweka fedha na kuiachia posta hiyo faida, au kuitoa na kuwapa mafukara. Faida yenyewe ilikuwa ndogo mno kuwagawanya watu, na hili ni kweli katika historia yote ya akaunti sahili. Hakuna aliyetajirika kwayo.

Kwa upande wa mikopo mlango ulikuwa umefungwa kwa sheria. Amri ya mwaka 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimfanya mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila ya idhini ya serikali asiweze kumdai mahakamani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni huruma, kumkinga mwenyeji na madeni. Na athari yake ilikuwa ni kwamba Mwafrika aliruhusiwa kuikopesha serikali, maana amana ya posta ni mkopo kwa serikali, wala hakuruhusiwa kwa urahisi kukopa hata gunia la chumvi. Hapa tabia ya benki katika nchi hizi iliwekwa msingi kwa muda mrefu: mahali pa kuweka, pasipokuwa mahali pa kuomba.

Mahali ambapo fedha ilimwagika kwa wingi na kwa ghafla palikuwa Lupa. Dhahabu ilianza kuchimbwa huko katika miaka ya 1920, na miaka ya 1930, dunia nzima ikiwa katika dhiki, Chunya ikajaa wachimbaji wa kila taifa, na Mbeya, iliyokuwa kituo kidogo chini ya mlima, ikawa mji wenye hoteli, maduka na uwanja ulioshukiwa na ndege za Imperial Airways katika safari zake za Afrika ya Kusini. Vibarua walitoka Unyakyusa, Usafwa, Ubena na mbali zaidi. Mshahara wao haukuhesabiwa kwa mwezi wa kalenda; ulihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi ikatiwa alama, na siku ya mvua au ya homa ikapita tupu. Kipande kikijaa ndipo fedha inapotoka, na ikitoka hutoka yote pamoja, mbele ya maduka yaliyokwisha kujua tarehe.

Kwa kibarua wa Lupa hiari zilikuwa nne. Aliweza kuibeba fedha kiunoni na kuteremka nayo kwa miguu hadi kwao, akiomba Mungu njiani. Aliweza kuiacha kwa mwajiri, ambaye mgodi wake ungeweza kukauka kesho. Aliweza kuipeleka posta, akipata nafasi ya kufika mjini saa za kazi. Au, na hii ndiyo iliyopendwa na wengi, aliiweka amana kwa mwenye duka. Mhindi alikuwa na sanduku la chuma, alifunga duka usiku, alimjua mteja wake kwa jina la baba, wala hakudai fomu. Aliandika katika daftari lake refu, kwa Kigujarati, ambacho mwenye fedha hakukisoma. Amana nyingi zilirudishwa salama, kwani duka lisilorudisha amana halina wateja mwezi ujao. Ila kila aliyekwenda kuchukua shilingi zake alizikuta zimezungukwa na kaniki, sukari, taa za kandili na sabuni, na aghalabu alitoka na nusu ya fedha na nusu ya bidhaa. Amana iliyowekwa mahali panapouzwa vitu huwa imekwisha kuuzwa nusu. Hii ndiyo tofauti ya posta na duka, na naistaajabia kila ninapoona siku hizi simu ile ile inayotunza akiba ikitangaza pia bahati nasibu.

Waliokwenda mbali zaidi walikuwa watu wa Wenela, kama lilivyojulikana lile shirika la kuajiri wachimbaji wa migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Vijana wa Tukuyu na Mbeya walisafirishwa kusini kwa mikataba, na sehemu ya ujira wao ikazuiwa hadi watakaporudi, wakalipwa kwao. Mpango huu uliwafaa waajiri, ambao walitaka mtu arudi kwao na asilowee mjini, na uliwafaa watawala, ambao walitaka fedha ya kodi ifike wilayani; lakini matunda yake yalionekana Unyakyusa kwa macho, katika ng'ombe wa mahari, mapaa ya bati, baiskeli na cherehani. Mwalimu mmoja anaweza kuona hapo dhuluma, na mwingine akaona akiba, na wote wawili wakawa wanatazama shilingi zile zile. Serikali ya Tanganyika huru iliukomesha uajiri huo mapema katika miaka ya 1960, kwa heshima ya taifa, na hakuna aliyependekeza kitu cha kuchukua nafasi ya ule mshahara uliongojwa.

Wakulima nao walikuwa na kizuizi chao. Wenye kahawa wa Rungwe, katika vyama vya ushirika vilivyojengwa baada ya vita ya pili, walizoea kulipwa kwa awamu: malipo ya kwanza mzigo unapopokewa, na malipo ya pili mnada utakapokwisha. Mkulima alinung'unika juu ya kucheleweshwa, na huku karo za watoto amezitegemeza juu ya hayo malipo ya pili, ambayo hakuweza kuyala kabla hayajafika. Ismani, kaskazini ya Iringa, mambo yalikuwa kinyume. Huko mahindi yalileta utajiri wa haraka katika miaka ya 1950 na 1960, na wenye mashamba makubwa waligeuza fedha kuwa matrekta, kwa kuwa trekta huzaa na kitabu cha posta hakizai.

Benki za kibiashara, Standard, Barclays, National and Grindlays na nyinginezo, zilikuwako nchini wakati wote huo, na matawi yao yaliyofuata mashamba ya tumbaku, chai na migodi yalikuwa na wateja wao. Mwafrika hakukatazwa kuingia, alitazamwa tu. Hesabu ya hundi ilitaka mapato ya kudumu na mtu wa kumdhamini, na makarani walizungumza Kiingereza. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa, na badala yake ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, ambayo watu wote waliiita kwa herufi zake tatu, NBC.

Katika miaka iliyofuata kitabu cha NBC kiliingia katika nyumba ambazo benki haijapata kuingia. Matawi yalifunguliwa wilayani, Kiswahili kikatumika dirishani, na mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa reli ya TAZARA, ambayo ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, wakawa na kitabu kila mmoja. Ilikuwa ni akaunti sahili kwa kila maana: kuweka, kutoa, na salio. Mteja alikwenda katika tawi lake tu, kwa sababu kadi ya hesabu yake ilikuwa katika kabati la tawi hilo, na karani aliitoa, akailinganisha sahihi, akaipeleka kwa mkubwa wake, na mteja akangoja kwenye benchi akiwa na kipande cha bati chenye namba, mpaka mshika fedha alipoita. Mwalimu wa kijiji cha Umalila aliyeshuka Mbeya mwisho wa mwezi alipoteza siku nzima, na wakati wa uhaba wa magari, siku mbili. Alipokwisha kufika alitoa alichokihitaji kwa mwezi, kwa kuwa hakuwa na nia ya kurudi kesho; na alichokiacha kikabaki kimeachwa. Nimewasikia wastaafu wengi wa Iringa wakiisema vibaya foleni ile, na papo hapo wakisema kwamba nyumba zao zilijengwa kwa kitabu hicho. Yote mawili ni kweli, na la pili lilitokana na la kwanza.

Wala tusiipambe zaidi ya ilivyokuwa. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, vijiji vilitakiwa kuuza mazao kwa mashirika ya umma na kupokea malipo kupitia benki. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, mikoa minne iliyolilisha taifa mahindi, iliuza kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, na mkulima aliyepeleka magunia yake alirudi na stakabadhi, mara nyingine akakaa nayo miezi mingi. Msimu ulipita, mbolea ikahitajika, na stakabadhi haikununua kitu. Kucheleweshwa kwa aina hii hakukuwa akiba, kwa kuwa mwenye mali hakukuchagua. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1980 bei zilipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka, na riba ya vitabu ikabaki nyuma mbali, hata mtu aliyeweka fedha ya kununua mabati 40 akaitoa baadaye ikanunua 20. Hapo watu wenye akili waliacha kujaza vitabu wakaanza kufyatua matofali. Ukipita leo katika vijiji vya Mufindi na Rungwe utaona malundo ya matofali ya kuchoma yaliyoota majani: hiyo ni akiba ya enzi zile, ambayo haikulipwa riba lakini pia haikuyeyuka.

Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 iliwafungulia watu binafsi mlango. Mwaka huo huo Benki ya Posta ilipewa sheria yake, ikaachana na barua na simu; mwaka 1997 NBC ikagawanywa, na sehemu yake yenye matawi mengi ya wilayani ikawa National Microfinance Bank, NMB, ambayo mwanzoni haikuruhusiwa kukopesha. Kwa muda, basi, mikoa ya Iringa na Mbeya ilikuwa na benki kubwa ambayo kazi yake ilikuwa ile ile ya posta ya 1925. Waliotaka zaidi waliunda ya kwao: Mafinga ikazaliwa Benki ya Wananchi ya Mufindi, MUCOBA, na Njombe nayo ikapata yake. Hizi zilikuwa benki ambazo mkulima wa chai na mkata mbao walimjua meneja, na mahali ambapo akaunti ilifunguliwa kwa kiasi kidogo kisichomtia mtu haya.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na Benki ya Wananchi ya Njombe ilikuwa mojawapo. Benki za aina hiyo zilikuwa zimepewa muda wa kufikisha mtaji wa shilingi bilioni 2, na muda ukaisha. Bodi ya Bima ya Amana iliwajibika kumlipa kila mweka amana hadi shilingi 1,500,000, na mwenye zaidi akangoja ufilisi. Mtu wa akaunti ndogo, ambaye hakuwahi kufikisha kiwango hicho, alilipwa chote. Aliyeumia ni yule aliyekuwa akisifiwa kwa kuweka akiba nyingi mahali pamoja, na babu yake mwenye ng'ombe wa kutawanya angalimwambia hivyo bila ya kusoma gazeti.

Nimeyapitia haya kwa haraka kwa kuwa jambo kubwa la wakati wetu liko kwingine. Aprili 2008 kampuni ya simu ya Vodacom ilileta nchini M-Pesa, huduma ya kutuma na kutunza fedha kwa simu, na baada yake zikaja huduma za makampuni mengine, na mawakala wakaenea hata katika vijiji ambavyo basi hufika mara moja kwa siku. Kwa mara ya kwanza tangu kibubu, fedha ya mtu wa Kyela au Kilolo ililala naye chumba kimoja. Faida zake hazihitaji kuhubiriwa: karo hulipwa bila safari, mgonjwa hupelekewa fedha saa saba za usiku, na soko likiungua, kama lilivyoungua soko la Mwanjelwa mwaka 2006, aliyekuwa ameitia fedha simuni hakuiacha kibandani. Uchunguzi wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima wa Tanzania walitumia huduma rasmi za fedha, na wengi wao kwa njia ya simu kuliko kwa benki. Walakini ile siku nzima ya safari kutoka Umalila imefutwa, na pamoja nayo umefutwa muda wa kutafakari. Ndugu akipiga simu kuomba, jibu la "sina hapa" limekwisha kufa, kwa kuwa hapa ni kila mahali.

Tozo za miamala zilizoanza kukatwa tarehe 15 Julai 2021 ziliwafanya watu, kwa miezi kadhaa, wahesabu tena gharama ya kuigusa fedha yao. Zililalamikiwa mno, zikapunguzwa, kisha sehemu yake ikaondolewa, na malalamiko yalikuwa ya haki, kwa kuwa adhabu ilimwangukia aliyetuma dawa sawasawa na aliyetuma ya kuchezea. Ila zilifichua jambo: wapo waliorudi benki kuuliza juu ya akaunti isiyounganishwa na simu.

Na hapo ndipo ulipo uchaguzi wa akaunti leo kwa muuza viazi wa Uyole au fundi wa Ipogolo. Mabango ya mabenki yote yanasema jambo moja, kwamba akaunti yao hufunguliwa kwa dakika chache kwa kitambulisho cha taifa, haina makato ya kila mwezi, na kadi yake hutoa fedha usiku na mchana. Na mtu anayetaka kupokea malipo na kulipia umeme hana sababu ya kukataa akaunti ya namna hiyo. Lakini ukiwauliza wafanyabiashara wadogo wenye hesabu zilizonyooka, utakuta wengi wana mbili: ya kwanza ya mikiki ya kila siku, yenye kadi na simu, ambamo huingizwa masurufu ya wiki na si zaidi, na ya pili ya kitabu au ya muda maalumu, katika benki nyingine, mtaa mwingine, isiyo na kadi, ambayo namba yake hawaikumbuki kwa kichwa. Huyatazama makato, kwa kuwa ada ya shilingi elfu moja au mbili kwa mwezi hula akaunti ndogo hadi mifupa. Huuliza kima cha chini kisichoruhusiwa kutolewa. Na kisha huuliza swali ambalo karani hakulitarajia, yaani ni tabu kiasi gani kuitoa. Karani hujibu kwa kujivunia kwamba si tabu hata kidogo, na mteja huondoka hajaridhika.

Wanawake ndio waliolijua jibu kwanza. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea tangu mwanzo wa karne hii, VICOBA na jamaa zake, vilikuja na sanduku la bati lenye kufuli tatu: funguo tatu kwa wanachama watatu wa nyumba tatu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Hisa hununuliwa mbele ya wote, huhesabiwa kwa sauti, aliyechelewa hupigwa faini, na fedha ya jamii hutiwa katika kijaluba chake mbali na fedha ya mikopo. Mwishoni mwa mzunguko, kwa kawaida karibu na Desemba, hugawana. Mume hana la kudai katikati ya mwaka. Si kwamba mke amemnyima, ni kwamba funguo mbili ziko kwingine. Vikundi hivyo vilipokua na sanduku likaanza kuvutia majambazi, vilikwenda benki na kutaka akaunti ya kikundi, yenye watia sahihi watatu, wala havikutaka kadi.

Mwaka 2019 Benki ya Posta, mrithi wa lile dirisha la mwaka 1925 na ambayo sasa imebadili jina kuwa Tanzania Commercial Bank, ilishirikiana na Vodacom kutoa huduma ya akiba za vikundi katika simu, ikaiita M-Koba. Michango huonekana kwa wanachama wote, na mhazini peke yake hawezi kuitoa: ombi hutumwa kwa viongozi wenzake, kila mmoja katika simu yake, na fedha haiondoki mpaka waidhinishe.